Picha ya Kwanza Huwa Kiti

Koplo Mfaume aliwekewa kiti cha plastiki nje ya mlango, akaletewa kahawa na kashata mbili, kisha akaambiwa asivuke kizingiti.

"Mama, mie ni polisi," alisema kwa upole.

"Polisi mwanamume," alijibu Bi Khairiya, mwenye nyumba, akiwa kaujaza mlango wote na kanga zake. "Ndani mna kazi za wanawake waliovua mitandio. Ukiingia wewe, si utakuwa umemalizia alichoanza huyo aliyeitoa picha?"

Mfaume akamgeukia bosi wake. Inspekta Kokushubila, mwanamke mrefu wa Bukoba mwenye miaka tisa kwenye dawati la jinsia, alikwisha kuvua viatu.

"Kaa, Mfaume. Piga stori na majirani."

"Hapo umenipa kazi yangu, Afande." Akachukua kashata ya kwanza.

Na kweli ilikuwa kazi yake. Mfaume alizaliwa Temeke kwenye nyumba ya wapangaji kumi na mmoja, choo kimoja, na hajatokea jirani wa kumnyima neno.

Kilichowaleta Tegeta kilikuwa ndani ya simu ya Inspekta. Picha nyeusi na nyeupe: bi harusi mtarajiwa, Arwa binti Nawaf, kakaa kwenye kiti cha maua, nywele zimeachiwa mabegani, mikono imejaa hina. Picha hiyo ilipigwa Jumamosi, kwenye shughuli ya hina ya wanawake peke yao. Jumatano asubuhi ilikuwa inatembea kwenye makundi ya WhatsApp, toka Tegeta mpaka kwa wauza nazi wa Buguruni. Leo ilikuwa Alhamisi. Ndoa ilikuwa kesho baada ya sala ya Ijumaa, na mama wa bwana harusi Suhaib alishatuma neno: mpaka ajulikane aliyeitoa picha ile, mwanawe hakai mkekani kufunga ndoa.

Mzee Nawaf alifika kituoni alfajiri, akaandikisha jina moja tu. Ahlam, mpiga picha. Mkwe wa Bi Khairiya.

Mkuu wa kituo hakuwa na maneno mengi. "Saa kumi jioni nataka mtu hapa. Ukipata mwingine, lete mwingine. Ukikosa, lete huyo huyo, alale ndani."

Sasa ilikuwa saa tano na robo.

Ahlam alikuwa sebuleni, kakaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni kwenye nyumba aliyoolewa. Mumewe, Mohammed, alikuwa njiani na lori, huko mpakani Tunduma. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na ukahawia kwenye kucha, na haikuwa hina.

"Nieleze kazi yako," alisema Kokushubila. "Nieleze kama vile sijui kitu, maana sijui kitu."

"Kwenye hina za kwetu, simu zinakusanywa mlangoni. Zinatiwa kikapuni, anakaa shangazi mmoja kuzilinda. Zamani hawakuwa wanakusanya, picha zikawa zinavuja, ndoa mbili zikaingia maneno. Ikawa basi, hakuna picha. Sasa bi harusi gani anataka hina bila picha? Ndo nikaja na kamera ya mkanda. Haina kioo nyuma, haina intaneti. Napiga, nasafisha mwenyewe hapa nyumbani, nampelekea bi harusi karatasi zake na mkanda wake. Kwangu habaki hata mtu mmoja."

"Na za Arwa ulizipeleka lini?"

"Juzi Jumanne. Picha zote na mkanda wote, kwenye bahasha, mkononi mwake."

"Kwa hiyo humu ndani hakuna picha ya Arwa."

"Hakuna."

"Twende nikaone."

Kilikuwa stoo zamani, chumba cha hatua tatu kwa mbili pembeni mwa bafu. Ahlam aliuvuta mlango, na mpira mweusi uliozunguka fremu ukatoa pumzi kama mlango wa friji.

"Mpira gani huu?"

"Wa mlango wa gari. Niliununua kwenye gereji, nikaugundisha. Dirisha nimeliziba na nailoni nyeusi matabaka matatu, na gundi ya karatasi pembeni. Kutoboa ukuta kuweka feni ndo kulinitesa, maana hewa lazima iingie lakini mwanga usiingie. Fundi akaniwekea bomba limepinda mara mbili. Hewa inajua kukata kona, mwanga haujui."

Inspekta akacheka kidogo. Akaangalia mezani. Mabeseni matatu ya plastiki yalikuwa yamepangwa kwa mstari: jekundu, jeupe, la bluu.

"Jekundu la dawa ya kuitoa picha. Jeupe la kuikatiza hiyo dawa isiendelee kula, mie natumia siki tu ya dukani iliyochanganywa na maji. La bluu la dawa ya kuishikiza picha isifutike. Rangi nimeweka kusudi, ukichanganya umekwisha."

"Na haya mabarafu kwenye ndoo?"

"Dawa ya mkanda inataka nyuzi joto ishirini. Tegeta hii umeona lini nyuzi ishirini? Nanunua barafu kwa Vaileth jirani, naizungusha kwenye beseni kubwa, kopo la dawa linakaa katikati."

Kwenye kona, chini ya shuka, palikuwa na chuma kirefu chenye kichwa kama taa ya daktari wa meno. Ahlam aliifunua mashine hiyo kwa mikono miwili.

"Ya kukuzia picha. Niliikuta Buguruni, muuza mitumba kaitundikia mikanda ya suruali. Hakujua ni kitu gani, alijua tu ni nzito na haiangushwi na upepo. Nilipouliza bei akaniuliza, na mikanda je?"

Simu ya Inspekta ikaita. Mfaume.

"Afande, ripoti ya kwanza toka barazani. Kuna dada hapa, Vaileth, muuza barafu. Anasema mtaa mzima unakijua hicho chumba. Taa nyekundu, nailoni nyeusi, siki lita tano tano, barafu kila Jumapili. Wengine wanasema gongo, wengine wanasema ni freemason."

"Yeye anasemaje?"

Sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali: "Mwambie mie nauza barafu tu, braza, sijui inaenda kumpoza nani!"

"Kingine?"

"Kingine kizuri. Kuna fundi umeme, Brightson. Kaingia humo juzi na simu yake ya kamera tatu. Anakaa nyumba ya nne. Nimvute?"

"Muite. Usimvute."

Kokushubila alikata simu, akamwambia Ahlam afunge mlango na azime taa.

"Taa zote?"

"Zote."

Giza likawa giza kweli. Inspekta aliinyanyua mikono yake mbele ya uso.

"Hata mie nilizimaga taa hivi nilipokijenga," ilisema sauti ya Ahlam. "Unakaa dakika tano. Ukianza kuona kidole chako, pana tundu. Nilikaa siku nne natafuta tundu moja, kumbe tundu la ufunguo."

Dakika tano zilipita. Inspekta hakuona kidole. Hakuna tundu la kuchungulia, hakuna ufa.

"Washa."

Taa nyekundu ikawaka. Ilipogonga ukuta, Kokushubila aliona kamba iliyofungwa toka ukuta mmoja hadi mwingine, chini ya shubaka la madawa, na vibanio vya nguo vimejipanga juu yake kama ndege. Kamba ilimgusa kifuani. Aliviangalia vibanio kimoja kimoja. Akakinusa cha kwanza: siki. Cha pili: siki. Cha tano alikishikilia puani muda mrefu kidogo, kisha akakirudisha bila kusema neno.

"Mkanda wa Arwa uliusafisha lini?"

"Jumapili asubuhi."

"Ukaukaushia wapi?"

"Humu." Ahlam alijibu haraka. "Kwenye kamba hiyo."

Mlango ukagongwa. Bi Khairiya alitia kichwa, akafumba jicho kwa ajili ya taa. "Mwanangu Inspekta, Arwa mwenyewe huyu kafika. Kaja na bajaji, babake hajui. Na nje kuna kijana analia kwa yule koplo wako."

Inspekta ndiye aliyemwita Arwa. Kwenye jalada lilikuwepo neno la baba tu, na Kokushubila hakuwahi kufunga jalada la mwanamke bila neno la mwanamke. Alimkuta sebuleni. Arwa aliivua nikabu, akaikunja magotini. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, macho yamevimba, na kipini kidogo cha dhahabu kwenye tundu la pua la kushoto.

"Pole, mdogo wangu."

"Ahsante, dada. Ahlam usinitazame hivyo, si mie niliyekwenda kituoni." Akamgeukia Inspekta. "Mkanda ninao. Bahasha haijatoka kwenye pochi yangu toka Jumanne. Nalala nayo."

"Nani mwingine kaziona zile picha za karatasi?"

"Mama, na wifi yangu mtarajiwa. Sie watatu, chumbani. Na sasa mama mkwe anasema labda ni mie nimejitoa mwenyewe, nataka sifa." Akaibana pochi yake. "Dada, kama ikifika kesho hajajulikana mtu, mie siolewi. Si kwamba Suhaib hataki. Kwao hakuna wa kumsindikiza."

Inspekta alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kahawa, picha ile wazi.

"Naomba picha yako hii hii, ile ya karatasi."

Arwa akaitoa kwenye bahasha. Wanawake wote wanne waliinama juu ya meza, Bi Khairiya akiwa wa nyuma, mkono kwenye kanga.

"Kipini chako kiko upande gani?"

"Kushoto."

"Kwenye karatasi?"

"Kushoto."

"Na kwenye simu?"

Arwa akaangalia. "Kulia. Heh! Kweli kiko kulia."

"Kwa hiyo aliyeitoa hakupiga karatasi yako. Angepiga karatasi, kipini kingebaki kwake." Kokushubila akamtazama Ahlam. "Wewe fundi. Picha inageukaje?"

"Ukiutazama mkanda kwa upande wake wa nyuma. Unageuka kama kwenye kioo."

"Kumbe. Na haya?" Aliikuza picha ya kwenye simu kwa vidole viwili. Juu ya bega la Arwa palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika, na ukingoni kabisa palikuwa na nusu duara jeupe. "Karatasi ya Arwa haina hata kidoa kimoja."

"Maji ya kisima," alisema Ahlam, sauti imeshuka. "Jumapili boza la maji halikuja, tanki likawa tupu. Nikasuuza mkanda na maji ya kisima. Ya kwetu yana chumvi, ukikauka mkanda unabaki na madoa. Nilivyoyaona jioni yake nikasimamisha kazi. Jumatatu asubuhi boza likaja, nikasuuza upya, yakatoka yote. Ndo Jumanne nikachapa."

"Ushahidi?"

"Ushahidi gani?"

"Kwamba madoa hayo yalikuwepo Jumapili. Mie nakuamini. Mkuu wa kituo haniamini hata mie."

Ahlam akafikiri, halafu akainuka. Alirudi kutoka chumba cha giza na karatasi ndogo yenye tundu la pini, nyuma yake pameandikwa kwa penseli: *Jpili jioni*. Ilikuwa picha ya kiti cha maua. Kiti kitupu.

"Kila mkanda, picha ya kwanza napigaga kiti kabla bi harusi hajakaa. Napima mwanga. Na nikichapa, naanza na hicho kwanza, maana kiti hakina siri. Hii ndiyo niliyoichapa Jumapili, nikayaona madoa."

"Kiti chenyewe bado tunacho," Arwa aliongeza. "Kimekodiwa mpaka kesho. Ndicho cha siku yenyewe."

Inspekta aliishika karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha. Kiti kilikuwa na vidoa vile vile. Na kwenye ukingo, nusu duara.

"Baada ya kiti, ni picha gani inafuata kwenye mkanda?"

"Ya Arwa. Hiyo hiyo."

Kokushubila alibonyeza simu, akaigeuza picha kipini kirudi kushoto. Akaikuza mpaka ikalingana na karatasi, akaisogeza simu pembeni yake. Nusu duara ya kiti na nusu duara ya Arwa zikakutana kama vipande viwili vya sahani moja. Tone moja la maji ya kisima lilikaukia katikati ya picha mbili.

"Haya," alisema Inspekta. "Sasa najua saa. Aliyeitoa aliupiga mkanda wenyewe, kwa nyuma, baada ya kukauka Jumapili na kabla ya kusuuzwa Jumatatu. Bi Khairiya, naomba umwite yule kijana dirishani."

Brightson alikuja dirishani na Mfaume nyuma yake, macho yote mawili ya koplo yakiangalia mbingu kwa adabu.

"Afande, mie fundi tu!" kijana alianza. "Niliingia nikafunga waya wa feni, nikatoka! Simu yangu chukueni, kagueni, kuna picha za mpenzi wangu na Chamazi uwanjani, basi!"

"Ulikuja siku gani?"

"Jumanne! Saa nne asubuhi!"

"Nenda kwako."

"Eh?"

"Jumanne mkanda haukuwa na madoa. Nenda kwako, na umpunguzie mpenzi picha."

Nje Mfaume alisikika akinung'unika, "Afande, nilikuwa nimemfikisha mahali pazuri huyu," na Vaileth akicheka mpaka akakohoa.

Inspekta alifunga pazia. Alikaa chini, akamtazama Ahlam usoni.

"Mkanda wa picha thelathini na sita una urefu gani?"

"Mita moja na nusu, na zaidi kidogo."

"Kamba ya humo ndani inanigusa kifuani. Ungeutundika hapo, kipande chake kingelala sakafuni kwenye vumbi. Hicho chumba umekijenga kwa akili zote, umeziba mpaka tundu la ufunguo. Usingelaza mkanda wa bi harusi sakafuni. Ile kamba ni ya karatasi."

Ahlam alijisogeza mpaka ukingoni mwa kochi.

"Na kuna kibanio kimoja kinanuka udi. Vingine vyote vinanuka siki. Nyumba hii, kabati la nani linafukizwa udi?"

Ahlam aliangalia vidole vyake vya kahawia.

"Madoa umeyajua toka jana ulipoiona ile picha," Inspekta aliendelea taratibu. "Umejua siku, umejua saa, umejua na kabati. Ungenyamaza mpaka saa kumi, ukalale mahabusu?"

"Mie ni mwanawe," alisema Ahlam. "Kanitolea stoo yake. Ndugu zake wote walimwambia asinikubalie kazi hii, akawajibu yeye ndiye mwenye nyumba. Mumewe alipokufa hakuachiwa kitu, alibaki na jina lake jema tu. Siwezi kumpeleka polisi mama wa watu, mtu mzima."

"Nani apelekwe polisi?" Bi Khairiya aliiachia kanga, mikono kiunoni. "Wee Ahlam! Mie ndo umenificha? Mie?"

"Mama..."

"Mie sijatoa picha ya mtu! Naapa mbele ya Mola wangu! Mwanangu Inspekta, nisikilize. Mkanda kautundika kabatini kwangu, kweli, kila siku anautundika, mle hamna vumbi. Jumapili nafungua kuchukua mtandio wa kusalia, nauona. Nikautazama dirishani. Yule mtoto uso mweusi tititi, nywele nyeupe kama ajuza, meno meusi! Hiyo ni picha hiyo? Mtu gani angemjua? Amejifunika kuliko kwa baibui!"

Arwa alikuwa kafungua mdomo.

"Ukaipiga na simu," alisema Inspekta.

"Nikaipiga na simu, nikamtumia Thuwaiba. Bibi yake huyu, Tanga. Nimekua naye, tumechezeshwa ngoma siku moja. Amelala kitandani na nyonga yake toka mwezi wa tatu, hina ya mjukuu wa kwanza haioni, harusi haioni. Nikasema aone japo hina ilivyokaa mikononi, hina kwenye ule mkanda inatoka nyeupe, inapendeza. Uso nikajua hauonekani. Ningejua unaonekana ningekata mkono!"

"Simu ya Bi Thuwaiba inashikwa na nani?"

"Masoud. Mwanawe." Bi Khairiya alisita kwa mara ya kwanza. "Mjomba wake Arwa."

Inspekta alipiga namba ya Masoud hapo hapo, akaweka sauti ya wote. Masoud alijibu kutoka dukani, redio nyuma yake. Hakuficha kitu. Mama yake aliuona ule weusi, akaanza kulia kwamba macho yamekufa, mjukuu hamuoni. Yeye akakumbuka kwenye simu kuna mahali pa kugeuza rangi. Akageuza. Mama akamuona. Naye kwa furaha akaitia kwenye kundi la ukoo, chini kaandika: *Bibi kamuona bi harusi wake.*

"Kundi lina watu wangapi?" aliuliza Inspekta.

Redio iliimba kidogo. "Mia moja na... Afande, subiri nihesabu. Lahaula. Wanaume wamo."

"Wewe mjomba mtu, kumuona ni halali yako. Hao mia je?"

"Sikuwaza, Afande. Wallahi sikuwaza."

"Ifute sasa hivi. Halafu kwenye kundi hilo hilo uandike ilivyokuwa, neno kwa neno, na jina lako chini. Aliyeisambaza aifute. Kisha umpigie Mzee Nawaf, kabla sijampigia mie."

Simu ilikatika. Bi Khairiya alikuwa amekaa sakafuni, kanga usoni. Ahlam alishuka akakaa naye, mabega yakigusana.

Arwa ndiye aliyeuliza.

"Bibi kasemaje?"

"Eh?"

"Aliponiona. Bibi alisemaje?"

"Alinitumia sauti, nikadhani anajifariji tu." Bi Khairiya alifuta macho, akatafuta simu yake kwenye pindo la kanga, akaibonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayechoma sindano. Sauti ya mwanamke mzee ikatoka, nyembamba, yenye kicheko ndani yake:

"Khairiya! Nimemuona, Khairiya. Kidevu changu kile! Mwambie asikiinamishe. Mwambie Ijumaa akinyanyue, sikumpa cha kuinamisha mie."

Arwa aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu alikuwa anacheka na machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu hicho hicho.

"Dada, naandika maelezo," alisema. "Picha ni yangu, uso ni wangu. Sina mlalamikiwa. Na mama mkwe nampigia mie mwenyewe. Namwambia aliyeitoa picha kajulikana, ni bibi yangu, ana miaka themanini na moja. Kama anataka kesho asikae mtu mkekani, ampigie yeye Tanga amwambie."

"Atampigia?" aliuliza Ahlam.

"Kwa Bibi? Hathubutu."

Kokushubila aliandika maelezo mezani, kurasa mbili, akamsomea Arwa, Arwa akasaini. Yakafuata ya Bi Khairiya, yaliyochukua muda zaidi kwa sababu alitaka liandikwe pia kwamba alikuwa na udhu. Alipouliza kama atafungwa, Inspekta alimjibu kwamba mwenye picha ndiye kaondoa malalamiko, lakini kabati lile litiwe kufuli na ufunguo akae nao Ahlam.

"Kabati langu mwenyewe?"

"Lako mwenyewe."

"Haya," alisema Bi Khairiya kwa unyonge, na baada ya kidogo: "Ila udi nitafukizaje?"

Arwa alisimama mlangoni kwa Ahlam, nikabu mkononi. "Kesho usije na mkanda mmoja. Njoo na miwili. Na ile picha aliyoiona Bibi uichape kubwa, mie naipeleka Tanga kwa mkono wangu."

Ahlam aliitikia kwa kichwa.

Ilibaki shida moja. Jalada lilihitaji kielelezo, na kituoni jalada hupita mikono sita, yote ya wanaume. Inspekta aliichukua picha ya Arwa ya karatasi, akairudisha ndani ya bahasha yake, akamkabidhi mwenyewe. Picha ya kwenye simu yake akaifuta mbele yao. Halafu akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi ndogo ya Jumapili jioni.

Nje jua lilikuwa limeanza kwenda upande wa barabara ya Bagamoyo. Saa nane na nusu. Mfaume alikuwa amemaliza kashata, kahawa, na habari za nyumba kumi na mbili.

"Afande, tumepata mtu?"

"Tumepata watu wawili. Wote wanampenda bi harusi. Twende nikueleze njiani."

"Na kielelezo?"

Akampa. Mfaume alifuta vidole kwenye suruali kwanza, akaipokea kwa pembe, akaitazama kwa makini yote ya mtu aliyezuiwa mlangoni saa tatu nzima. Akaigeuza. Akaisoma penseli. Akaigeuza tena.

"Afande, mbona hapa hajakaa mtu?"

"Bado," alisema Kokushubila, akivaa viatu. "Anakaa kesho."